Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: tubandikieni majina ya waathirika wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani

Kisangani, Oktoba 2025

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako, na naomba radhi kwamba salamu hizi zinakufikia hadharani badala ya kukufikia mezani pako. Barua mbili nilizoandika kabla ya hii kwa ofisi zinazohusika hazikujibiwa hata kwa mstari mmoja wa kusema kwamba zimepokelewa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tshopo, komuni (sehemu ya utawala) ya mji wa Kisangani, na kazi yangu imenifundisha kusubiri. Lakini Alhamisi iliyopita tulimzika jirani yetu, mama niliyemwita Mama Mkubwa tangu nikiwa mtoto ingawa hatukuwa na undugu wa damu, na niliporudi kutoka makaburini nilikuta faili lake la madai ya fidia bado liko juu ya meza yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia. Nililitazama faili lile hadi usiku, nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimemdhulumu.

Mama Mkubwa alipoteza mguu wa kulia tarehe 7 Juni 2000, akiwa uani kwake, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kombora lilianguka kati ya jiko na mwembe. Watoto wake wawili walikufa palepale na yeye akabaki na mguu uliokuwa unaning'inia, akabebwa juu ya mlango uliong'olewa na vijana wa mtaa kwa sababu hapakuwa na machela wala gari ambalo dereva wake angekubali kutoka. Kwa miaka 25 aliishi kwa kuuza kwanga (mkate wa muhogo) na karanga mbele ya nyumba, na gongo lake la kutembelea limelazwa kando ya kiti. Mwaka huu peke yake alipanda toleka, baiskeli ya abiria, mara tatu kwenda kwenye dirisha la ofisi moja inayopokea mafaili yetu. Mara ya kwanza aliambiwa jina lake halionekani kwenye kompyuta. Mara ya pili aliambiwa alete mashahidi wawili wenye kadi za mpigakura, naye akawaleta, mmoja wao akiwa mimi. Mara ya tatu aliambiwa alete karatasi ya hospitali ya Juni 2000 inayoonyesha siku aliyokatwa mguu.

Mheshimiwa, naomba uisome tena sentensi hiyo ya mwisho. Karatasi ya hospitali ya Juni 2000, katika mji ambao hospitali zenyewe zilipigwa, ambao umeme ulikatika na maji ya bomba yakakauka, ambao wauguzi walichana mashuka kufunga vidonda na majeruhi walilazwa sakafuni na kwenye veranda. Nani katika siku zile alikuwa na mkono wa kushika kalamu? Mwanamke yule alisimama mbele ya dirisha kwa mguu mmoja, akaulizwa anathibitishaje kwamba amekatwa mguu. Alirudi nyumbani bila kusema neno, na wiki saba baadaye akafariki. Daktari alisema ni shinikizo la damu. Sina elimu ya kumbishia daktari, ila najua alivyoonekana jioni ile aliposhuka kwenye toleka.

Sijui kama ulikuwa umepata nafasi ya kuijua Kisangani katika miaka hiyo, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa ufupi. Majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia nchini kwetu mwaka 1998 yakiwa marafiki, kila moja likiwa na waasi wake, na yalipofika katika mji wetu urafiki ukaisha. Walipigana hapa Agosti 1999, wakapigana tena siku moja mwezi Mei 2000, na kuanzia Jumatatu tarehe 5 hadi Jumamosi tarehe 10 Juni mwaka huohuo wakapigana siku sita mfululizo. Wazee wa hapa wanasema ilikuwa almasi. Wasomi wanasema ulikuwa mgawanyiko wa waasi wa RCD, wengine wakielekea Kampala na wengine Kigali. Mimi naamini yote mawili, na naamini pia kulikuwa na kiburi cha maafisa wasiotaka kuonekana wameshindwa. Sababu yoyote iwayo, hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Waganda walikuwa wamejipanga upande wa kaskazini wa mto Tshopo, Wanyarwanda walikuwa mjini, na sisi wa komuni ya Tshopo tulikuwa katikati, baina ya daraja na mji, kama nyasi za ule msemo wa fahali wawili ambao kila mtu huupenda isipokuwa nyasi.

Nilikuwa na miaka 14. Tulilala chini ya vitanda, na mama alikuwa ameegemeza magodoro kwenye madirisha. Siku ya nne tulikuwa tumemaliza maji, na mdogo wangu wa miaka 6 alitoka nje usiku kwa sababu palikuwa pamekuwa kimya kwa muda na alidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Tulimzika uani, nyuma ya choo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kufika makaburini. Nyua nyingi za mji huu zilikuwa na makaburi ya namna hiyo, na miaka kadhaa baadaye baadhi ya mifupa ilihamishwa. Ya mdogo wangu hatukuihamisha, kwa sababu mama alikataa. Mimi mwenyewe nina vipande vya chuma katika paja la kushoto, na mvua ikikaribia kunyesha wanafunzi wangu hujua kwa jinsi ninavyotembea.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile tunayoiita ripoti ya mapping, inasema raia waliouawa katika siku zile sita walikuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa walizidi 1,000. Inasema nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa, na kwamba kanisa kuu la Notre-Dame, shule na vituo vya afya havikusalimika. Tazama umbali uliopo kati ya 244 na 760. Katika pengo hilo kuna watu zaidi ya 500 ambao hata kama walikufa, hakuna mwenye uhakika wa kuwahesabu. Mdogo wangu yumo au hayumo, sijui.

Najua wewe ni mtu wa sheria, na si kazi ya mwalimu wa darasa la nne kukufundisha kazi yako. Lakini tangu nilipoanza kumsaidia Mama Mkubwa nimesoma nilichoweza kusoma, na nimegundua kwamba kile kilichotupata kilikuwa kimekatazwa kabla sijazaliwa. Mikataba ya Geneva ilitiwa saini tarehe 12 Agosti 1949, na itifaki ya kwanza ya nyongeza ikafuata tarehe 8 Juni 1977. Ibara ya 48 ya itifaki hiyo inawataka wapiganaji watenganishe wakati wote raia na askari, na mali za raia na shabaha za kijeshi. Ibara ya 51 inakataza shambulio lisilobagua, na imeeleza bayana mfano wa kuupiga mji mzima kwa mabomu kana kwamba ni shabaha moja, wakati shabaha zenyewe ziko mbalimbali na zinatofautika. Ibara hiyohiyo inakataza shambulio linalotazamiwa kuwadhuru raia kupita kiasi cha faida ya kijeshi inayotarajiwa. Ibara ya 57 inamtaka kamanda achague njia na silaha zitakazopunguza madhara na kuwaonya raia pale inapowezekana, na ya 58 inamtaka anayejilinda naye ajitahidi kutoweka askari wake katikati ya makazi ya watu. Nilipoisoma hii ya 58 nilikumbuka askari waliochimba mahandaki karibu na shule tuliyosoma. Pande zote mbili zilitenda kosa: mmoja alirusha bila kutazama, mwingine alijificha nyuma yetu. Na mzinga unaorushwa kutoka ng'ambo ya mto kuelekea mtaa wa nyumba za matofali na mabati, ambao mrushaji hauoni, hauwezi kutenganisha mtu na mtu hata kama mrushaji angependa.

Hayo hayakubaki maneno ya vitabuni. Tarehe 16 Juni 2000, siku sita tu baada ya mizinga kunyamaza, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likataka majeshi yote yaondoke na Kisangani iwe mji usio na wanajeshi, na likasema kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa vifo na uharibifu waliousababisha kwa raia wa Kisangani. Mji wetu ulitajwa kwa jina. Nakumbuka redio ilivyotangaza, na mama alivyosema kwamba sasa angalau dunia imeona. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria, pamoja na hili la majeshi yake kushindwa kutofautisha shabaha za kiraia na za kijeshi walipokuwa wakipigana na wapiganaji wengine. Kwa upande wa Rwanda, mahakama hiyohiyo ilisema mwezi Februari 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali kushtakiwa mbele yake. Hivyo kombora lililomuua mtoto linaweza kuwa na haki au lisiwe na haki kulingana na upande wa mto lilikotoka, na mzazi aliyelala chini ya kitanda hakuweza kujua lilikotoka. Sisi hatujawahi kulielewa jambo hilo, na sidhani tutalielewa.

Kisha, tarehe 9 Februari 2022, ikaja hukumu ya fidia: Uganda ilipe dola za Kimarekani milioni 325, ambazo milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022 hadi Septemba 2026. Nchi yetu ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11, na wengi walilalamika kwamba tulichopewa ni kidogo. Mama Mkubwa hakulalamika. Aliniambia akipata hata ya kununulia mguu wa bandia na kuezeka upya nyumba, atamshukuru Mungu.

Mheshimiwa Waziri, hapa ndipo heshima yangu inapata shida kubaki mahali pake. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mwezi Septemba mwaka huu mahakama ya juu kabisa mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa mtangulizi katika wizara yako miaka 3 ya kazi za kulazimishwa kwa suala la dola milioni 19 zilizotajwa kuwa za kujenga gereza hapa Kisangani, na kwamba fedha hizo zilitoka kwenye fungu lililowekwa kwa ajili yetu, waathirika wa vita vile. Nashukuru kwamba kesi ilisikilizwa. Lakini katika muda uleule ambao mamilioni yalivuka kutoka akaunti hadi akaunti kwa saini chache, mama mwenye mguu mmoja aliambiwa saini ya mashahidi wawili haitoshi. Naomba unieleze, kama mtumishi wa serikali kwa mtumishi mwenzake wa serikali, ni sheria gani inayodai ushahidi mzito zaidi kutoka kwa aliyeumia kuliko kutoka kwa anayeshika hazina.

Nimeisoma hukumu ya 2022 kadiri nilivyoweza, kwa Kifaransa na kwa msaada wa rafiki mwanasheria. Majaji wale walikubali kwamba miaka mingi imepita, kwamba vita huharibu kumbukumbu na nyaraka, na kwamba katika madhara yaliyowapata watu wengi namna hii haiwezekani kudai cheti cha kila kifo na cha kila jeraha. Kwa sababu hiyo walikubali kiwango chepesi zaidi cha uthibitisho na wakatoa jumla moja kwa kila aina ya madhara. Hilo ndilo lililoiwezesha nchi yetu kulipwa. Serikali ilisimama The Hague ikasema kwamba waathirika hawana karatasi na si kosa lao, majaji wakakubali, na fedha zikaja. Inakuwaje basi fedha hizohizo zikishafika Kisangani mwathirika anadaiwa karatasi ambayo serikali yake iliapa kwamba haiwezekani kuwapo? Mashahidi wapo. Majirani wapo, ingawa kila mwaka wanapungua. Mapadri waliozika watu wapo. Mguu uliokatwa upo, paja lenye chuma lipo, na picha ya eksirei naweza kuileta kesho asubuhi.

Baadhi ya watu wamelipwa, nami sikatai. Nimeona pia watu waliolipwa ambao mwaka 2000 hawakuwa wakiishi mji huu, au ndivyo mtaa unavyosema. Mimi siwezi kuthibitisha na sitaki kumsingizia mtu. Lakini uvumi wa namna hiyo hauzaliwi bure. Unazaliwa pale ambapo orodha ni ya siri. Hakuna anayejua nani yumo, nani hayumo, kwa sababu gani, na nani aliamua. Vijana huja mlangoni wakiomba dola 20 ili waweke jina lako ndani, na wajane wanakopa ili wawape.

Na mambo haya si ya zamani, Mheshimiwa, ingawa najua ofisini kwenu yanahesabiwa kuwa faili la zamani. Mwishoni mwa Januari mwaka huu niliisikiliza vita ya Goma, mji wa mashariki mwa nchi yetu, kwenye simu. Binamu yangu anaishi huko, na nilisikia kwa masikio yangu mlio ule ambao nilidhani nimeusahau, na baada yake ule ukimya. Waasi wa M23 waliingia mjini, mizinga ikapigwa juu ya mitaa iliyojaa watu waliokwisha kukimbia vita vya vijijini, umeme na maji vikakatika, watu wakaenda kuchota ziwani. Maafisa wa Umoja wa Mataifa walitaja maiti zipatazo 2,900 zilizozikwa au zilizokuwa bado katika vyumba vya maiti. Upande wa pili wa mpaka, Gisenyi, serikali ya Rwanda ilisema raia wake 16 waliuawa na makombora yaliyoanguka kwao, na mzazi wa Gisenyi naye alizika mtoto kama sisi tulivyozika. Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakataka mapigano yasitishwe mara moja na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe mara moja. Nilipomwambia binamu yangu habari hizo hakujibu kitu. Uwanja bado umefungwa.

Nilichomwambia binamu yangu, na ambacho ndicho kilichonifanya nikuandikie wewe na si mwingine, ni kwamba atunze kila kitu: aandike majina, tarehe, saa na mahali, apige picha, apate karatasi ya hospitali hata ikibidi kuomba kwa machozi. Baada ya kukata simu niliona aibu. Nilikuwa namfundisha mtu ambaye bado ana damu kwenye viatu namna ya kujiandaa kwa dirisha ambalo atasimama mbele yake miaka 25 ijayo. Hatua zote zile ambazo sheria inazitaka kabla ya mzinga kurushwa zimeshindwa mara mbili katika miji yetu. Kilichobaki ni hiki cha mwisho, cha kulipwa baada ya kuumizwa, na hicho kiko mikononi mwenu, hakiko mikononi mwa Kampala wala Kigali wala The Hague.

Nilikuwa nimeandaa maombi mengi. Nilitaka kuomba ukaguzi wa hesabu zote tangu fungu la kwanza. Nilitaka kuomba kliniki ya viungo bandia. Nilitaka kuomba serikali isiache kuidai Rwanda kwa njia nyingine, kwa kuwa azimio 1304 halikuitaja Uganda peke yake. Hayo yote bado nayataka. Lakini nimezika mtu wiki iliyopita, na fungu la mwisho linatarajiwa tarehe 1 Septemba 2026, na baada ya siku hiyo naogopa kwamba hata dirisha lenyewe litafungwa. Kwa hiyo naomba jambo moja.

Bandikeni majina. Kwenye ukuta wa kila komuni, Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Lubunga na komuni ya Kisangani, wekeni orodha ya waliokubaliwa, ya waliolipwa na kiasi walicholipwa, na ya waliokataliwa pamoja na sababu. Mtu asome jina lake kwa macho yake, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Jirani akiona jina la mtu ambaye hakuwapo aseme, na akiona jina la aliyekuwapo limekosekana aseme pia, mbele ya burugumesta, mkuu wa komuni, na mbele ya wote. Sisi tunajuana. Katika avenyu yetu naweza kukutajia nyumba kwa nyumba ni nani alikufa, siku gani, na alizikwa wapi. Karatasi na gundi nitanunua mimi kwa mshahara wangu ukifika, kama tatizo ni hilo.

Na jina la Mama Mkubwa liwemo. Faili lake liko kwangu, limekamilika isipokuwa ile karatasi ya hospitali. Ameacha mjukuu mmoja aliyemlea, yuko darasani kwangu, na Ijumaa aliniuliza kama aendelee kwenda dirishani kwa niaba ya bibi yake au aache. Nilimwambia asubiri nikuandikie kwanza.

Nabaki nikisubiri jibu lako,

Mwalimu wa shule ya msingi, komuni ya Tshopo, Kisangani